Ninunue laptopu sasa au nisubiri? Nimechoka kuhesabu miezi

#1 manukuu_usiku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Swali hili nimezunguka nalo tangu mwaka juzi, leo nalitua hapa mnisaidie kulibeba.

Nina laptopu yenye prosesa ya Core i5-6200U, kizazi cha 6, RAM 8GB, diski ya kuzunguka ya terabaiti 1. Niliinunua mpya, nimeitunza, haijawahi kuanguka. Kazi yangu ni kuandika manukuu ya video, yale maandishi ya chini ya picha, pamoja na tafsiri. Usiku mashine hiyohiyo inageuka ya tasnifu ya uzamili: takwimu kidogo na PDF nyingi mno.

Shida zake sasa. Nikiiwasha naenda kuoga, nikirudi bado inajikusanya. Tabo za kivinjari zikizidi kumi na mbili, kila kitu kinaganda. Kuna mteja mmoja video zake zinakwamakwama, sauti inatangulia, picha inafuata kwa kujivuta, na huwezi kuoanisha maandishi na mdomo wa msemaji kwa picha ya hivyo. Betri inakaa dakika arobaini. Feni inalia kutwa. Hata tachpadi siku hizi imekuwa ngumu kubonyeza, ikabidi nichomeke kipanya. Windows 11 nayo imenikataa, eti prosesa yangu haimo kwenye orodha.

Kwa nini sijanunua? Kwa sababu kila nikikaribia kununua nasikia toleo jipya liko njiani. Nikisubiri toleo, naambiwa nisubiri msimu wa punguzo. Wiki iliyopita jamaa akaniambia bei ndiyo kwanza zinapanda. Hela ninayo, ila ni ya kununua mara moja. Nikikosea, hakuna marudio kwa miaka mitano.

Ninunue au nisubiri? Na kama ni kusubiri, nasubiri nini hasa?

#2 pweza_mwekundu

Nimekaa mstari wa mbele. Nyuzi za namna hii huwa zinaisha mleta mada kanunua simu.

#3 mwendapole

Mleta mada, mimi ni mhitimu wa chuo cha kusubiri, nina haki ya kusema.

Novemba 2020 Apple walitoa laptopu za M1, prosesa yao wenyewe. Nikasema toleo la kwanza siligusi, wengine watangulie kuungua. MacBook Air ya M2 ikaja Julai 2022 na umbo jipya, nikasema ngoja bei itulie. Ya M3 ikaja Machi 2024, lakini nikaona ya bei ya chini bado ina RAM 8GB, nikakasirika kwa niaba ya wanadamu wote. Oktoba mwaka huohuo wakapandisha kianzio hadi 16GB. Hapo nilijisifu! Niliwaambia watu, mnaona subira? Bado sikununua, maana M4 ilishakuwa inanukia.

Februari 2025 kioo cha mashine yangu ya zamani kikazima katikati ya wiki ya kazi. Mwezi mmoja tu kabla ya Air ya M4 kutoka. Nikaingia dukani na jasho, nikatoka na mashine ya kwanza niliyowekewa mkononi, si Apple wala si yoyote kati ya zile nilizozisomea. Miaka minne na ushee ya uchambuzi, ununuzi dakika ishirini.

Na hiyo ya dakika ishirini ilinipiga. Kibandiko kilisema i7, nikaona i7 ni i7. Nitaeleza baadaye, bado inaniuma.

#4 bisibisi

Kabla ya sasa au baadaye, tupate vipimo. Watu wananunua laptopu mpya kutibu ugonjwa wasioupima.

Fanya hivi:

Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, kisha usiguse kitu dakika tatu. Angalia asilimia ya diski, ya RAM na ya prosesa. Andika.

Fungua kazi zako za kila siku, tabo zako kumi na mbili na programu ya manukuu. Angalia tena. Andika.

Cheza video ya yule mteja msumbufu kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, uangalie prosesa. Ikiwa inacheza hivyohivyo, bonyeza Ctrl na J, utaona video imesimbwa kwa namna gani. Nataka hayo maneno kama yalivyo.

Lete majibu, usilete hisia.

#5 kipanga

Mimi niko upande wa kusubiri, na sioni aibu. Ila kusubiri kwenye akili kuna tarehe.

Watengenezaji wana kalenda. Januari kuna maonyesho ya CES kule Las Vegas, mwishoni mwa Mei au Juni kuna Computex ya Taipei. Prosesa nyingi za laptopu hutangazwa kwenye majukwaa hayo mawili. Kati ya tangazo na mashine kufika dukani hupita wiki au miezi, na katika kipindi hicho wenye maduka huanza kuondoa mzigo wa kizazi kinachotoka. Anayenunua kizazi kinachotoka, mwezi ambao kipya kinaingia, ndiye anayekula vizuri.

Pili, subiri kama hujui unachokihitaji. Mleta mada hajatuambia kama anatembea na mashine au imekaa mezani. Hajui kama programu zake zinataka Windows. Huyu hajafika kwenye kununua.

#6 mzee_wa_diski

Mnanikumbusha Osborne. Vijana hamumjui.

1981 kampuni ya Adam Osborne ilitoa Osborne 1, kompyuta ya kubeba ya uzito wa kilo 11 hivi. Ndiyo, ya kubeba, ukiwa na bega. Iliuzika vizuri mno. Halafu 1983 mwenyewe akaanza kusimulia mashine inayofuata kabla haijawa tayari. Wenye maduka wakajiuliza, sasa hii ya leo tunaiagiza ya nini? Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema madeni na ushindani wa Kaypro ndivyo vilivyoiua, na masimulizi yale yanasingiziwa tu. Haidhuru, jina limebaki: athari ya Osborne.

Sasa geuza upande. Kampuni za leo zimejifunza kutangaza kipya huku wakiuza cha zamani, na aliyebaki ameganda katikati ni mnunuzi. Mleta mada, umeshikwa na ugonjwa wa wale wenye maduka ya 1983.

#7 manukuu_usiku (mleta mada)

Nimerudi na vipimo.

Kuwasha: diski 100% kwa dakika saba nzima, prosesa 30 hivi, RAM 45.

Kazi za kawaida: RAM 82, diski inapanda na kushuka, prosesa 40 hadi 60.

Video ya mteja: prosesa 100%, diski karibu sifuri. VLC inaandika HEVC (H.265), na chini yake kuna "10-bit". Video za wateja wengine ni H.264 na zinacheza bila shida, prosesa haifiki hata 15.

@kipanga natembea nayo mara mbili kwa wiki, maktaba. Programu yangu ya tafsiri ni ya Windows tu, mteja ndiye aliyeichagua.

#8 bisibisi

Sasa tunaongea. Una magonjwa mawili na wewe ulikuwa unayaita moja.

La kwanza ni diski. Hiyo ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na siku nzuri, na kwa vifaili vidogovidogo vilivyotawanyika, ambavyo ndivyo vinavyosomwa wakati wa kuwasha, inaanguka vibaya, kwa sababu kuna sindano inayopaswa kukimbia huku na huko. SSD, yaani diski isiyozunguka, ile ya kawaida ya inchi 2.5, inafika 500 na ushee na haina sindano. Inaingia palepale, kwa skrubu zilezile. Kuoga itabidi utafute muda mwingine.

La pili SSD hailigusi kabisa. Prosesa za kizazi cha 6 zina sakiti maalumu ya kufungua video, lakini sakiti hiyo inajua HEVC ya biti 8. Ya biti 10 kwa ukamilifu Intel waliiweka kuanzia kizazi cha 7. Kwa hiyo kila picha ya mteja wako inafunguliwa kwa nguvu ya kori mbili tu, zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, ndiyo maana zinafika 100. Dawa ya mtu asiye na haraka: unapoingia kulala, igeuze video iwe H.264 ndogo, fanya manukuu juu ya hiyo nakala, mwishoni faili la maandishi linakaa vizuri kwenye video halisi maana muda ni uleule.

Windows 10 iliachwa 14 Oktoba 2025, lakini mtu binafsi anaweza kujisajili apate masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo ushauri wangu: weka SSD, jisajili, geuza video usiku, maliza tasnifu. Una daraja hadi Oktoba. Ununue ukiwa umetulia.

#9 Silikoni

Bisibisi nakuheshimu, ila daraja lako linaishia mtoni.

RAM za dunia nzima kwa sehemu kubwa zinatoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Wote watatu sasa wanakimbizana na wenye mitambo ya akili unde, ambao wanataka RAM ya aina ya HBM, ile inayopangwa ghorofa. HBM inakula kaki ya silikoni, kile kisahani kinachokatwa chipu, kubwa zaidi kwa kila gigabaiti kuliko RAM ya laptopu. Kaki ni zilezile, viwanda havijengwi kwa mwaka mmoja. Desemba 2025 Micron wakatangaza kabisa kwamba wanaifunga Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. Hiyo si tetesi.

Zamani kusubiri kulikuwa na malipo: mwaka ukipita, kwa hela ileile unapata zaidi. Safari hii unaweza kusubiri ukakuta kwa hela ileile unapewa pungufu, 8GB mahali palipokuwa na 16, tena imechomelewa kwenye bodi huwezi kuongeza.

#10 kipanga

Hofu nayo ni bidhaa, inauzwa. RAM iliwahi kupanda 2017 na 2018, ikaja ikaporomoka 2019.

#11 Silikoni

Iliporomoka, kweli. Ila aliyekuwa na tasnifu ya kukabidhi 2018 aliikabidhi kwa nini, kwa kalamu?

#12 pweza_mwekundu

Naomba mleta mada asinunue kitu mpaka hawa wawili wamalize.

#13 Bi_Mkaguzi

Nimesoma uzi wote toka juu na nashangaa. Watu sita, mmeongea kuhusu Las Vegas, Taipei na Osborne, na hakuna hata mmoja aliyeona neno tachpadi?

Mleta mada, mwanangu, hebu acha hayo mengine kwanza. Funga laptopu, iweke juu ya meza iliyonyooka, bonyeza pembe moja moja. Inayumba? Kisha itazame kwa ubavu, kwenye mwanya kati ya mfuniko wa chini na sehemu ya kibodi. Mwanya uko sawa mbele na nyuma?

Nijibu leo.

#14 manukuu_usiku (mleta mada)

Inayumba.

Na mwanya wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, unaingia ukucha. Nilidhani ni skrubu zimelegea.

#15 Bi_Mkaguzi

Hiyo ni betri imevimba. Kwenye laptopu nyingi betri inakaa chini ya tachpadi, ikivimba inaisukuma kwa chini ndiyo maana haibonyezeki. Seli za lithiamu zikichakaa hutoa gesi ndani ya mfuko wake. Gesi haina pa kwenda.

Kwa hiyo: chomoa chaja sasa hivi. Usiichaji tena, hata mara moja ya mwisho. Zima kabisa, si kulaza. Iweke mahali pasipo na mapazia, karatasi wala godoro. Usijaribu kuifungua na kuibandua mwenyewe kwa bisibisi, maana nyingine zimegundishwa na ukiitoboa inawaka. Kesho ipeleke kwa fundi aitoe, na ikitolewa isitupwe kwenye taka za nyumbani, fundi mzuri ana mahali pa kuipeleka.

Nimekagua mamia ya laptopu za ofisi kabla hazijauzwa. Zenye betri za namna hii wenyewe husema hivyohivyo kila mara: skrubu zimelegea, au kipanya kimekuwa kigumu.

#16 bisibisi

Nimeona aibu hapa. Nilikuwa nakwambia uache hiyo kitu inageuza video usiku kucha ukiwa umelala pembeni yake. Mama Mkaguzi, ahsante. Mleta mada, samahani sana.

#17 manukuu_usiku (mleta mada)

Nimetoka kwa fundi. Ameitoa, ilikuwa imekuwa kama mto mdogo. Hata yeye aliishika kwa vidole viwili.

Mashine inawaka bila betri, kwa umeme wa ukutani. Umeme ukipepesa inazima hapohapo na kazi yangu inaenda nayo. Maktaba siwezi tena. Fundi anasema betri halisi ya toleo hili imeshaacha kutengenezwa, zilizopo ni za kuiga na mwenyewe hakunishauri.

Kwa hiyo nadhani nimejibiwa nusu ya swali. Wiki tatu zijazo nina kazi ya mteja yuleyule wa HEVC. Mpya au mtumba?

#18 Bi_Mkaguzi

Kwa hela ya kununua mara moja, mimi ningechukua mtumba wa ofisini, lakini kwa masharti.

Kampuni nyingi hutumia laptopu miaka mitatu minne, waranti ikiisha zinaondolewa zote pamoja hata kama ni nzima. Ni zile za daraja la kazi: ThinkPad za T, Latitude, EliteBook. Zimejengwa ili zifunguliwe: kibodi inabadilika, betri inashikwa kwa skrubu, vipuri vipo. Laptopu mpya ya bei ileile mara nyingi ni plastiki inayolia ukiishika kona.

Kwa kazi yako usishuke chini ya kizazi cha 11 cha Intel. Windows 11 inaanzia cha 8, kwa hiyo cha 8 kinatosha kwa Windows, ila cha 11 kinafungua HEVC ya biti 10 bila jasho na pia AV1, namna mpya zaidi ya kusimba video, ambayo wateja wako wataanza kukuletea muda si mrefu. Chagua toleo lenye angalau sloti moja ya RAM iliyo huru, na linalochaji kwa USB-C. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria laptopu mpya ziwe na USB-C ya kuchajia kuanzia 28 Aprili 2026, kwa hiyo chaja za aina hiyo hutazikosa.

Ukifika kwa muuzaji, usianze na kioo wala rangi. Anza na hii: mwambie arudishe Windows upya mbele yako, uiunganishe na intaneti wakati wa kuisanidi. Ikikuomba barua pepe ya kampuni fulani usiyoijua, hiyo mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Rudisha, toka. Ingia na kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, uone kama kuna nywila.

Kisha betri. Andika amri powercfg /batteryreport, litatoka faili. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Nikiona imebaki chini ya asilimia 70 najumlisha bei ya betri mpya papo hapo kwenye majadiliano. Fungua ukurasa mweupe mtupu kioo kizima, halafu mweusi, utaona madoa. Bonyeza kila herufi. Kila tundu lichomeke kitu. Na iweke mezani uone kama inayumba, maana sasa unajua.

#19 kipanga

Kwa hali hii naondoa neno subiri, sipingani na betri. Lakini mtumba una bahati nasibu yake. Mpya ina waranti, na mtu anayefanya kazi peke yake mashine ikifa ni kipato kinakufa. Kama utapata mpya yenye RAM 16GB ndani ya uwezo wako, chukua mpya.

Tahadhari moja: usivutiwe na zile zenye prosesa za Snapdragon X kwa sababu ya betri tu. Ni nzuri, zilianza kuuzwa Juni 2024 na zinakaa na chaji kweli. Lakini ni ARM, aina ya prosesa tofauti na za Intel na AMD. Programu za kawaida za Windows zinatafsiriwa zinapoendeshwa, nyingi zinakwenda. Viendeshi, zile programu ndogo zinazoendesha vifaa, havitafsiriwi. Kama programu yako ya tafsiri inatumia kifunguo cha USB au una printa ya zamani, ulizia kwanza kwa waliotengeneza.

#20 mwendapole

Nimeahidi ya i7, ni wakati wake.

Mashine yangu ya dakika ishirini ilikuwa i7-6500U, muuzaji akaipamba wee. Jirani yangu ana i5-8250U, na inaikimbia yangu huku ikipiga miayo. Nikatafuta kwa nini. i7 yangu ina kori mbili. i5 yake ina nne. Intel waliongeza kori za hizi prosesa za kutumia umeme kidogo kutoka mbili hadi nne walipofika kizazi cha 8, mwaka 2017. Herufi na tarakimu ya mbele hazisemi lolote mpaka ujue kizazi.

AMD nao wasikudanganye. Kwenye familia ya 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema usanifu. Ryzen 5 7520U inasikika mpya, lakini hiyo 2 ya katikati ni Zen 2, usanifu wa 2019. Mtu anaitoa kwenye boksi jipya, ndani kuna babu.

#21 bisibisi

Na kama utaenda kwa mtumba, kabla hujaagana na mashine ya zamani toa RAM yake usome kibandiko. Kama imeandikwa PC4, hiyo ni DDR4, na laptopu nyingi za kazi za kizazi cha 11 zenye sloti zinatumia DDR4. Itakuwa ya kasi ndogo, 2133, na itaivuta nyenzake ishuke iende nayo sawa. Lakini kwa jinsi RAM zilivyo sasa, 8GB ya bure huitupi. Ikiandikwa PC3L, mpe mtoto achezee.

#22 manukuu_usiku (mleta mada)

Nimechelewa kuleta mrejesho, nilikuwa kazini. Kazini kweli!

Niliangalia mpya mbili. Zote mbili zilizokuwa ndani ya uwezo wangu zilikuwa 8GB iliyochomelewa, nikamkumbuka Silikoni. Nikaenda kwa mtumba. Ya kwanza ilidai barua pepe ya kampuni ya bima, muuzaji akasema "hiyo unaruka tu." Sikuruka, niliondoka. Ya pili betri 58%. Ya tatu ndiyo hii: i5-1135G7, 8GB, sloti moja tupu, SSD ya GB 256, betri 84%. Haiyumbi. Nimeikagua mezani mara nne, muuzaji akaniuliza kama naabudu.

RAM ya zamani ilikuwa PC4. Nimeichomeka, inasoma 16GB. Video ya mteja wa HEVC niliifungua kabla hata sijaweka programu nyingine, prosesa ikasimama kwenye 9. Niliirudia mara tatu bila sababu.

Diski ya zamani nimeitia kwenye kasha la USB, inabeba nakala za tasnifu.

Kasoro: kibodi ni ya lugha ya watu, alama ya kuuliza haipo ilipoandikwa na kuna herufi zenye nukta juu ambazo sijui zinasomwaje. Nimeiweka mpangilio wangu na ninaandika bila kutazama. Kioo hakina mwanga wa kutosha nikikaa dirishani.

#23 bisibisi

Hongera. Ila diski ya miaka kumi isibebe tasnifu peke yake. Weka nakala nyingine mahali pengine, leo.

#24 pweza_mwekundu

Hajanunua simu. Nimepoteza dau.

#25 manukuu_usiku (mleta mada)

@bisibisi nimeshaweka, iko mahali pawili zaidi. Swali la mwisho nawaacha: mfuniko una stika kubwa ya namba ya mali ya ofisi ya zamani. Nimeibandua, gundi imebaki na inanasa vumbi lote la maktaba. Mnaiondoaje bila kukwaruza?

#26 Bi_Mkaguzi

Mashine ya kukaushia nywele, moto wa kati, nusu dakika. Sukuma gundi kwa ubapa wa kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Inayobaki, spiriti kidogo kwenye kitambaa, usimimine juu ya mfuniko.